Jina si Mtu: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ukoo wa Kiingereza wa Karne ya 18 katika Madaftari ya Parokia

Tarehe 3 Novemba 1728, katika kanisa la St Cuthbert kijijini Marton, Yorkshire, daftari la parokia liliongezwa mstari mmoja: amebatizwa James, mwana wa James Cook, kibarua. Basi. Mama hakutajwa. Siku ya kuzaliwa haikutajwa pia, ingawa tunajua kwa njia nyingine kuwa mtoto alizaliwa 27 Oktoba, siku saba kabla. Huyo ndiye Kapteni James Cook, baharia aliyechora ramani za pwani za New Zealand na za mashariki mwa Australia. Kama angebaki kijijini akilima mpaka kufa, mstari ule ungekuwa karibu kila kitu tulichonacho kuhusu utoto wake, na huenda James Cook wengine wawili wa parokia jirani wangetuchanganya.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Madaftari ya parokia yamejaa majina, na jina si mtu. Kumpata "John mwana wa William" ni kazi ya dakika tano. Kuthibitisha kwamba John huyo ndiye babu yako, wala si binamu yake au jirani asiyehusiana naye, kwaweza kuchukua miaka.

Naandika nikiwa nimeipitia kazi hiyo. Watoto wangu, kwa upande wangu, wanahesabiwa mababu kwa mdomo, fulani bin fulani bin fulani, hadi wa saba. Kwa upande wa baba yao, wenye asili ya vijiji vya Lincolnshire, hakuna aliyejua chochote kabla ya babu wa babu. Niliona si haki watoto wawe na mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, nikaanza kutafuta. Ninaposema Uingereza hapa nina maana ya England yenyewe. Wales ilifuata sheria hizo hizo. Scotland na Ireland zina njia zake.

Hatua ya kwanza: toka kwa walio hai, rudi nyuma mpaka 1837

Usianze na karne ya 18. Mkeka hushonwa ukili kwa ukili, na ukiruka mmoja pana tundu. Anza na wazee walio hai, vyeti vilivyo kabatini, nyuma ya picha, ndani ya Biblia ya familia. Kisha rudi kizazi kimoja kimoja.

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo, kazi hiyo ilikuwa ya Kanisa. Daraja la kukuvusha kutoka upande mmoja hadi mwingine ni sensa. Ile ya 6 Juni 1841 itakusaidia kidogo tu: iliuliza kama mtu amezaliwa katika kaunti anamoishi, na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 64 akaandikwa 60. Ya 30 Machi 1851 ndiyo hazina, kwa sababu iliuliza parokia ya kuzaliwa. Bibi wa miaka 72 aliyehesabiwa siku ile anakupa mwaka unaokaribia 1779 pamoja na jina la kijiji.

Kama babu yako alikufa kabla ya 1851, tafuta ndugu zake walioifikia. Watafutaji wengi hukwama hapa kwa sababu wanafuata mstari mmoja tu wa damu na kuwaacha kaka na dada. Dada mdogo aliyeishi miaka tisini anaweza kukutajia kijiji ambacho kaka yake hakupata nafasi ya kukitaja. Angalizo: watu wengine walitaja kijiji walikokulia, siyo walikozaliwa, kwa hiyo sensa iwe ramani yako tu, hukumu ije baadaye.

Hatua ya pili: ijue parokia na jirani zake

Katika karne ya 18 parokia haikuwa mahali pa ibada tu. Ilitoza kodi ya kuwasaidia maskini, ilitengeneza barabara, ilijua nani ni wake na nani si wake. Tafuta ramani inayoonyesha mipaka ya kale ya parokia, uichapishe, uibandike ukutani. Chora duara la maili kama kumi kuzunguka kijiji chako, uandike makanisa yote yaliyomo, na mbele ya kila moja miaka ambayo madaftari yake yamesalia.

Kusini utaona parokia ndogo ndogo ambazo mtu aliweza kuzipita kadhaa kwa miguu asubuhi moja. Kaskazini, parokia moja yaweza kuwa na vijiji vingi na makanisa madogo yenye madaftari yake. Wengi waliohama hawakwenda mbali. Vijana waliajiriwa kwa mwaka mmoja katika shamba la parokia ya pili, wakaoa katika ya tatu, wakarudi ya kwanza kumtunza mzazi. Ukiishia mlangoni pa kanisa moja, familia itaonekana kama iliyotoweka.

Hatua ya tatu: zilipo nyaraka

Amri ya kutunza madaftari ilitolewa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, ila machache yamesalia tangu mwanzo huo. Kwa karne ya 18 hali ni nzuri zaidi. Kwa kanuni ya Kanisa iliyopitishwa 1978, madaftari yaliyotimiza miaka mia moja tangu kufungwa hupelekwa katika hifadhi ya nyaraka, mara nyingi ya kaunti, isipokuwa pawe na ruhusa maalumu. Kwa hiyo usiliandikie kanisa kwanza; andikia hifadhi ya kaunti.

Kwenye intaneti, FamilySearch ni bure, ingawa baadhi ya picha hufunguka tu katika vituo vyake au maktaba zinazoshirikiana nayo. Uliza kama kituo kipo mjini kwako, kwani huendeshwa na Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho katika nchi nyingi. FreeREG pia ni bure, na inajengwa na watu wa kujitolea wanaonakili ukurasa kwa ukurasa. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, na kila moja ina mikataba na kaunti tofauti: madaftari mengi ya London yako Ancestry, huku Essex ikiwa na huduma yake yenyewe ya kulipia. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kaunti yako iko wapi. Nimemwona mtu akilipia mwaka mzima mahali ambapo kijiji chake hakimo.

Kisha shika sheria hii hata ukisahau nyingine zote: faharasa inakuonyesha mlango, haiwi nyumba. Aliyenakili alikuwa mbele ya wino uliofifia, pengine hajui majina ya eneo lile. Ukipata jina katika faharasa, nenda ukaone picha ya ukurasa wenyewe. Kisha usome ukurasa mzima, na ule wa kabla, na ule wa baada. Mara nyingi ndugu, shahidi au maelezo ya pembeni yako mistari mitatu chini, na faharasa haikuyagusa.

Hatua ya nne: kalenda, kabla hujamsingizia bibi wa watu

Mpaka 1751, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi. Baada ya 31 Desemba 1728 ilifuata 1 Januari 1728, ikaendelea hivyo hadi 24 Machi 1728, na kesho yake ikawa 25 Machi 1729. Mtu aliyezoea kupanga mambo yake kwa Hijria na Miladia pamoja hataona shida. Tatizo ni kusahau.

Chukua mfano. Umekuta ndoa ya Mei 1729 na ubatizo wa mtoto wa kwanza Februari 1729. Kwa haraka utasema mtoto alizaliwa kabla ya ndoa. Hapana. Februari ile ni ya mwisho wa mwaka 1729 wa hesabu ya zamani, ambayo sisi tungeiita Februari 1730, miezi tisa baada ya harusi. Andika tarehe za namna hiyo kwa miaka miwili, 1729/30, ili usijichanganye wewe wala atakayekurithi. Ndivyo ilivyo tarehe ya kuzaliwa kwa George Washington katika koloni la Virginia: 11 Februari 1731/2 kwa hesabu ya zamani, 22 Februari 1732 kwa hesabu mpya.

Mwaka 1751 ulikuwa mfupi, 25 Machi hadi 31 Desemba, na 1752 ukaanza 1 Januari. Septemba ya 1752 iliruka kutoka tarehe 2 hadi 14. Ukiona ukurasa hauna maziko wala ubatizo kati ya siku hizo, hakuna karatasi iliyochanwa.

Hatua ya tano: kuusoma mwandiko

Kufika 1700 ule mwandiko wa kale wenye mikunjo migumu ulikuwa umekwisha kwa sehemu kubwa, kwa hiyo karne ya 18 inasomeka. Yaliyobaki ni mazoea. Herufi s ya katikati ya neno iliandikwa ndefu, inafanana na f. "Ye" ni the. Majina yalikatwa: Wm ni William, Jno ni John, Jas ni James, Thos ni Thomas, Margt ni Margaret. Ukikwama kwenye neno, usilikodolee macho. Tafuta herufi hiyo hiyo katika maneno mengine ya kasisi yule yule, mwezi wa Januari kwa mfano, ambao unajua tahajia yake, ujenge alfabeti ya mkono wake.

Kabla ya 1733 baadhi ya makasisi waliandika Kilatini. Sheria iliyoanza kutumika 25 Machi mwaka huo ilikiondoa Kilatini mahakamani, na madaftari yakafuata. Maneno ya kukumbuka ni machache: filius ni mwana, filia ni binti, uxor ni mke, vidua ni mjane, sepultus ni amezikwa. Mtego uko kwenye majina. Gulielmus ni William, Carolus ni Charles, na Jacobus, katika madaftari ya Kiingereza, karibu kila mara ni James, siyo Jacob.

Kuhusu jina la ukoo, sahau tahajia. Kasisi aliandika alichosikia kutoka kwa mtu ambaye mara nyingi hakujua kusoma. Jina linaloanza na H hupoteza H, na lisilo nayo huipata. Litamke kwa sauti, kwa lafudhi ya eneo lile kama unaweza, kisha tafuta kila namna ambayo sikio lingeweza kulipokea.

Hatua ya sita: ubatizo

Daftari linaandika tendo la Kanisa, haliandiki kuzaliwa. Watoto wengi walibatizwa ndani ya siku au wiki chache, lakini wengine walipelekwa wakiwa wakubwa, wakati mwingine ndugu wanne kwa siku moja.

Mtoto dhaifu, au aliyezaliwa kwenye baridi kali, alibatizwa nyumbani, kisha akapokelewa kanisani baadaye. Jane Austen alizaliwa Steventon, Hampshire, 16 Desemba 1775. Baba yake, aliyekuwa kasisi, akambatiza nyumbani kesho yake, naye akapokelewa kanisani 5 Aprili 1776. Anayeiona tarehe ya Aprili peke yake na kudhani ni wiki moja tangu kuzaliwa amekosea kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kuanzia 1 Oktoba 1783 mpaka 1794 kila ubatizo, ndoa na maziko yalilipiwa kodi ya senti tatu za Kiingereza, ila maskini walisamehewa. Madaftari kadhaa yana msongamano wa ubatizo siku za mwisho za Septemba 1783, wazazi wakikimbia kodi. Na herufi P pembeni yaweza kuwa pauper, yaani fukara, au private, ubatizo wa nyumbani. Angalia kasisi huyo anaitumiaje kwenye kurasa nyingine kabla hujaamua.

Bahati ikikuangukia, familia yako itakuwa ya Yorkshire kuanzia miaka ya 1770. Kasisi William Dade aliona aibu kuwaachia wajao mistari mikavu, akabuni daftari lenye safu za baba, kazi yake, mama, na hata babu na bibi wa pande zote mbili. Mtindo wake ulienea katika parokia nyingi za dayosisi ya York, na Durham na Northumberland zikapata madaftari yanayokaribiana nao kuanzia 1798. Kwingine kote uwe tayari kwa jina la mtoto, la baba, na jina la kwanza tu la mama.

Kwa sababu hiyo usimchukue mtoto mmoja. Kusanya kila ubatizo wa jina lile la ukoo kwa miaka thelathini au arubaini, katika parokia zote za duara lako. Wapange kwa mama zao. William na Mary wana mlolongo wao, William na Hannah wao. Mlolongo wa Mary ukikoma 1746 na wa Hannah ukaanza 1748, tafuta maziko ya Mary kati ya hapo. Huenda ni William mmoja aliyeoa tena. Milolongo miwili ikienda sambamba, hao ni wanaume wawili.

Hatua ya saba: ndoa

Tarehe ya kukariri ni 25 Machi 1754, siku sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke ilipoanza kutumika. Kabla yake, ndoa mara nyingi ni majina mawili na tarehe, na mtu aliweza kufungishwa ndoa ya siri, hasa jirani na gereza la Fleet mjini London, ambako makasisi waliishi kwa kazi hiyo. Madaftari ya Fleet yako katika Nyaraka za Taifa, Kew, na usiyaamini bila ushahidi wa pili, maana tarehe ziligeuzwa kwa fedha.

Baada ya hapo, ukiwaacha Waquaker (dhehebu dogo la Kikristo nje ya Anglikana) na Wayahudi, kila ndoa ilipaswa kufungwa katika kanisa la Anglikana, kwa matangazo au kwa leseni, na kuandikwa kwenye daftari la peke yake, maharusi wakitia saini au alama ya X mbele ya mashahidi wawili. Hapa ndipo kwa mara ya kwanza unakutana na mkono wa babu yako mwenyewe. Linganisha saini. John aliyetia X mwaka 1768 hawezi kuwa kirahisi yule John aliyetia saini nzuri 1771. Soma na mashahidi pia: jina linalojirudia katika kila ndoa ni la karani wa kanisa, lakini jina linalotokea mara moja huenda ni la kaka wa bibi harusi.

Madaftari hayo yalikuja na ukurasa wa mfano wa kujazwa, na ule wa Steventon una maandishi ya Jane Austen akiwa msichana, kajiandikia ndoa za kubuni na wanaume wasiokuwepo. Sasa daftari hilo liko katika hifadhi ya Hampshire. Kila nikilikumbuka nawaona watu wa madaftari haya wakiwa hai.

"Of this parish" maana yake ni mkazi wa parokia hii wakati ule, haimaanishi kuzaliwa hapo. Ukiona ndoa ilifungwa kwa matangazo, tafuta daftari la matangazo la parokia ya bwana harusi, maana yalisomwa Jumapili tatu katika parokia zote mbili. Kumbuka kwamba matangazo yaliyosomwa hayathibitishi kuwa ndoa ilifungwa. Ukiona neno licence, kimbilia hifadhi ya dayosisi, kwa sababu mwombaji aliapa kwa maandishi, akitaja umri na kazi, na aliye chini ya miaka 21 alihitaji ridhaa ya mzazi, ambaye naye hutajwa.

Hatua ya nane: maziko, hatua inayorukwa na wengi

Naomba usiruke hapa. Tuseme unamtafuta John aliyeoa 1768, na umepata John mmoja tu aliyebatizwa kijijini mwaka 1744, umri unafaa. Furaha inakujaa, unamwingiza kwenye mti wa ukoo, unaendelea kwa baba yake na babu yake. Kisha siku moja unafungua kurasa za maziko na kukuta: "John mwana wa William, mtoto mchanga", amezikwa 1745. Umekuwa ukijenga ukoo juu ya kaburi la kichanga.

Watoto wengi walikufa, na jina la aliyekufa mara nyingi lilipewa anayezaliwa baada yake. William na Mary waweza kuwa na akina John watatu, na wa tatu tu ndiye aliyekua. Kwa hiyo kila unayemchagua mpitishe kwenye maziko ya parokia yake na za jirani, angalau mpaka siku ya ndoa yake. Kisha uwachukue wote wenye jina hilo uliowaacha, na uonyeshe kila mmoja aliishia wapi: huyu alizikwa, huyu alioa kwingine, huyu aliacha wosia. Ukibaki na mmoja, sasa una hoja.

Maziko ya karne hiyo mara nyingi hayataji umri. Hutaja uhusiano: mke wa, mwana wa, na relict, yaani mjane. Umri uliingia kwa utaratibu kuanzia 1 Januari 1813, sheria ya George Rose ilipoleta madaftari yaliyochapishwa yenye safu maalumu. Ukimpata babu aliyezikwa 1815 akiwa na miaka 71, hesabu ya kurudi 1744 ni mwanga wa kushika.

Hatua ya tisa: daftari likiwa limeharibika

Panya, mafuriko, moto, kasisi mzembe. Tangu 1598 parokia zilitakiwa kila mwaka kupeleka nakala kwa askofu. Nakala hizo ziko katika hifadhi za dayosisi au kaunti, na huziba mapengo. Hata kama daftari liko salama, zilinganishe: aliyenakili wakati mwingine aliongeza kazi ya baba au akasahihisha jina.

Hatua ya kumi: sanduku la maskini

Hapa ndipo nilipolia, na sioni aibu kusema. Kwa sheria ya 1662 kila mtu alikuwa na parokia iliyowajibika kumtunza akifilisika. Haki hiyo ya makazi ilitoka kwa baba, au kwa mume, au kwa kuwa mwanagenzi, au kwa kuajiriwa mwaka mzima ukiwa hujaoa, au kwa kupanga mali ya pauni 10 kwa mwaka. Mtu alipoomba msaada, au alipodhaniwa ataomba, mahakimu wawili walimhoji kwa kiapo: umezaliwa wapi, umetumikia nani, kwa mshahara gani, umeoa lini na wapi, watoto wako ni nani na wana umri gani. Yakaandikwa yote.

Mkulima aliyejitosheleza ana mistari mitatu katika daftari la kanisa. Kibarua aliyevunjika mguu ana ukurasa mzima wa maisha yake, karibu kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya mahojiano huenda ikafuata amri ya kumhamisha, inayotaja mke na kila mtoto, wakipelekwa kutoka parokia moja hadi nyingine. Mtoto wa nje ya ndoa alipata haki mahali alipozaliwa, na kwa ajili hiyo wanawake wajawazito wasio na waume walisukumwa nje ya mpaka kabla hawajajifungua, ili mtoto awe mzigo wa parokia nyingine. Ukikuta ubatizo wenye neno base-born au natural na hakuna baba, tafuta hati ya dhamana ambamo mwanamume aliyetajwa na mama aliahidi kulipa matunzo. Mara nyingi ni karatasi hiyo tu inayomtaja.

Uliza hifadhi ya kaunti kwa nyaraka za waangalizi wa maskini wa parokia yako. Nyingi bado haziko kwenye intaneti.

Hatua ya kumi na moja: wosia, na wasiokuwa Waanglikana

Kabla ya 1858 wosia ulithibitishwa katika mahakama za Kanisa. Ile ya juu ya Canterbury ina wosia zake katika Nyaraka za Taifa, zinatafutika kwenye intaneti. Za mahakama ndogo ziko katika hifadhi za kaunti na dayosisi, na za York ziko York. Mke aliye na mume aliandika wosia kwa nadra sana, lakini mjane na mwanamwali mzee waliandika, wakitaja wapwa wote kwa majina. Watafute hao.

Ubatizo ukikosekana kabisa huku ndoa na maziko yapo, shuku kuwa familia ilikuwa ya Wabatisti, Waindependenti au Wakatoliki. Madaftari mengi ya vikundi vya Kiprotestanti yalikusanywa na serikali baada ya 1837, nayo yako Kew. Ya Waquaker yametunzwa vizuri ajabu, ila waliita miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi.

Waafrika katika madaftari haya

Baadhi ya wasomaji wangu watakuwa wanatafuta babu mweusi, na wapo. Kwa kawaida ni ubatizo wa mtu mzima au kijana, jina moja au jina alilopewa na bwana wake, na maneno kama a black au negro pembeni. Tarehe 9 Februari 1759, katika kanisa la St Margaret, Westminster, alibatizwa Gustavus Vassa, na daftari likasema ni mtu mweusi, mzaliwa wa Carolina, umri miaka 12. Ndiye Olaudah Equiano, ambaye katika kitabu chake cha 1789 alieleza kuwa alizaliwa katika nchi ya Waigbo, akatekwa akiwa mtoto na kuvushwa bahari. Wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Jiulize maswali haya kwa kila mstari unaousoma, wa mtu yeyote: nani alimwambia kasisi maneno hayo? Alijuaje? Alikuwa na sababu ya kusema vingine? Kijana mtumwa anayesimama kando ya wenye mamlaka si lazima awe yeye aliyesema "Carolina". Daftari ni shahidi mmoja, na shahidi huhojiwa.

Equiano alimwoa Susannah Cullen kanisani Soham, Cambridgeshire, 7 Aprili 1792. Equiano alikufa Machi 1797, na binti yao Anna Maria akamfuata Julai mwaka huo huo akiwa bado mtoto mdogo. Kibao cha kumbukumbu ya binti huyo bado kiko kwenye ukuta wa nje wa kanisa la St Andrew, Chesterton, mjini Cambridge.

Hatua ya mwisho: andika sababu, siyo majina tu

Kwa kila kiungo kati ya mzazi na mtoto, andika aya fupi: nimemchagua huyu kwa ushahidi huu, nimewaondoa hawa kwa sababu hizi, na haya bado yananitia shaka. Taja kanisa, tarehe, na hifadhi uliyoonea ukurasa. Majina ya mababu yakirudiwa kwa wajukuu, liandike kama dalili, lisiwe uthibitisho. Mti wa mtu mwingine kwenye intaneti uuchukue kama uvumi wa sokoni: huenda ni kweli, nenda ukaone.

Na mama yake James Cook? Hakuwa katika mstari wa ubatizo wa Marton. Yumo katika daftari la parokia nyingine, Stainton, ambako James Cook, yule baba kibarua, aliandikishwa kumwoa Grace Pace mnamo Oktoba 1725. Baba naye alitoka Ednam, ng'ambo ya mpaka wa Scotland. Ukivuka kumfuata, vua kwanza sheria za hesabu ulizozoea: Scotland ilianza mwaka wake 1 Januari tangu 1600, hivyo Februari iliyoandikwa katika daftari la Ednam ni ya mwaka ule ule unaouona, na sheria ya Hardwicke haikufika huko.